Redio Mgongoni Mpaka Kwenye Kibanda cha Mlinzi wa Moto: Mwongozo Kamili wa Kwenda Hewani Ukiwa Kileleni

Kwenye vibanda vya zamani vya walinzi wa moto kule Marekani, vile ambavyo vyombo vyake vimetunzwa, utakuta kigoda kidogo cha mbao na kila mguu umevalishwa kikombe cha kioo, kama vile vilivyokuwa vinashika waya kwenye nguzo za simu. Radi ikianza, mlinzi alikuwa anapanda juu ya kile kigoda miguu isiguse sakafu, halafu anaendelea kuangalia imepiga wapi, maana hapo ndo moshi utatokea baadaye. Mi nikikiona kile kigoda naelewa kabisa kwa nini kibanda kiliwekwa pale: ni juu, panaona mbali, na radi inapajua. Na ukiwa mtu wa redio ya ridhaa (redio ya kujifurahisha, ya wenye leseni) unayepanda na redio mgongoni, hayo hayo matatu ndo yanakuhusu na wewe, mawili ya kwanza kwa furaha na la tatu kwa tahadhari.

Mchezo wenyewe unaitwa SOTA, kirefu chake Summits on the Air, ulianza Uingereza tarehe 2 Machi 2002 na leo unachezwa nchi nyingi, Marekani ikiwemo. Unapanda kilele kilichoandikishwa, unafunga redio na antena ulizobeba mwenyewe, unaita watu, wanakujibu. Kilele kina pointi kuanzia 1 mpaka 10 kutegemea urefu na sehemu, na unazipata mara moja tu kwa mwaka kwa kilele kimoja. Wanaokutafuta wakiwa majumbani nao wanahesabiwa pointi zao. Ukifikisha 1000 kwa kupanda unapewa cheo cha Mountain Goat, yaani mbuzi wa milimani, na watu wanapanda miaka kwa ajili yake.

Sasa kwa nini vilele vya walinzi wa moto hasa? Mwaka 1910 mwezi wa Agosti moto mkubwa uliunguza karibu ekari milioni 3 huko Idaho na Montana, nyingi ndani ya siku mbili tu, na watu zaidi ya 80 wakafa, wengi wao wazimaji. Baada ya hapo Forest Service, idara ya misitu ya serikali, wakaamua moto uonekane ukiwa bado mdogo, wakaanza kuweka watu vileleni, na miaka ya 1930 vijana wa CCC (mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi) wakajenga vibanda na minara kwa wingi. Habari ilitoka kule juu kwa simu ya waya mmoja mnene wa chuma, umepita mti kwa mti. Ukitembea zile njia za zamani ukainua macho unaweza kukiona bado kile kikombe cheupe kilichoushika, kimegawanyika vipande viwili na kinaning'inia, kimefanywa hivo makusudi ili mti ukiangukia waya, waya uteleze na kulegea badala ya kukatika. (Ukikikuta kiache hapo hapo, ni mali ya historia.) Na miaka hiyo hiyo ya 1930 Forest Service wenyewe wakatengeneza redio ndogo za kubeba kwa ajili ya walinzi na wazimaji. Kwa hiyo ukifika pale na kiredio chako cha wati 5 unafanya jambo ambalo mlima ule umeshalizoea.

Leseni kwanza

Hili fupi. Marekani ukitaka kurusha lazima uwe na leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Ngazi ya kwanza ni Technician, maswali 35, ukipata 26 umefaulu, ada ya FCC dola 35 na leseni inakaa miaka 10. Technician anaruhusiwa VHF na UHF zote za ridhaa (masafa ya juu yanayokwenda mpaka upeo wa macho), na hiyo peke yake inatosha kabisa kwa vilele vilivyo karibu na mji. Ukitaka kuongea na mtu aliye majimbo matano mbali kwa bendi ya mita 20 utahitaji General, ngazi inayofuata. Mi nashauri uanze na Technician upande mlima, hiyo General utaitamani mwenyewe.

Kuchagua kilele, hapa wengi wanakosea

Kosa kubwa ni kudhani kila kibanda kiko kwenye kilele cha SOTA. Hapana. Waliojenga walikuwa wanatafuta mahali panapoona mabonde, hawakuwa wanatafuta ncha ya juu kabisa. Mfano mzuri uko Mount Rainier National Park: vibanda vya Tolmie Peak na Mount Fremont watu wanavipanda kila siku ya kiangazi na kupiga picha, lakini kilele chenyewe kiko pembeni, juu zaidi ya kibanda. Sheria ya SOTA inasema lazima uwe ndani ya mita 25 za kimo kutoka ncha ya juu, na kama kuna kibonde katikati kinachoshuka chini ya hapo, basi hata ukipanda tena upande wa pili uko nje. Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote fungua orodha ya SOTA, tafuta rejea ya kilele, yaani namba yake ya utambulisho (za jimbo la Washington zinaanza na W7W), halafu weka ramani yenye mistari ya kimo ujue kibanda kiko ndani ya eneo au nje. Kama kiko nje, na kufika kwenye ncha yenyewe ni kuparamia mawe yaliyolegea, chagua mlima mwingine, hakuna pointi zinazostahili mguu wako.

Jambo la pili ni hali ya kibanda. Vipo vya aina tatu. Vingine bado vina mlinzi msimu wa moto, na hapo kumbuka pale ni nyumbani kwake na kazini kwake pia. Vingine vinakodishwa kwa usiku kupitia tovuti ya Recreation.gov, ukikuta mtu amelipia basi hicho ni chumba chake, usipande ngazi bila kuitwa. Vilivyobaki viko wazi na watu wa kujitolea ndo wanavitunza, wanapanda na mbao na rangi mgongoni kila kiangazi.

Kwa anayeanza mi huwa napendekeza Mount Pilchuck kule Washington. Kwenda na kurudi ni kama maili 5.4, unapanda karibu mita 700, na juu kabisa unaparamia mawe makubwa halafu ngazi ndo unaingia kibandani, ndani kuna maelezo ya historia ukutani. Pa kuegesha gari panataka kibali kinachoitwa Northwest Forest Pass. Theluji pale inaweza kukaa mpaka Julai na watu wamepotea njia kwenye yale mawe, kwa hiyo soma ripoti za njia za wiki hiyo hiyo, sio za mwaka jana. Kimo chake ni kama mita 1,620. Ukitaka kujua redio inaona mpaka wapi chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita: hapo inatoka karibu 165 kwenye ardhi ya chini. Yaani kwa redio ya mkononi unaufikia mji wa Seattle na mbele yake bila kuomba msaada wa ripita yoyote (kituo kinachopokea na kurusha tena sauti yako).

Na vile vilele ambavyo barabara inafika juu? Ruksa, ila sehemu ya mwisho lazima uimalize kwa miguu yako na vyombo vyote uvibebe mwenyewe, na usirushie ndani ya gari wala kutumia umeme wake. Egesha chini ya zile mita 25 halafu tembea, hapo huna ugomvi na mtu. Jenereta ya mafuta hairuhusiwi kabisa.

Unabeba nini

Uzito ndo kila kitu. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni redio ya mkononi ya VHF. Ile antena fupi ya mpira inayokuja nayo iache nyumbani, inakunyima nusu ya mlima. Beba antena ya kukunja ya J-pole iliyotengenezwa kwa waya bapa, unaining'iniza kwenye mlingoti, au Yagi ndogo ya vipande vitatu. Ukiwa na Yagi ishike vipande vikiwa vimesimama wima maana FM ya mkononi inakwenda wima, ukiilaza unapoteza nguvu nyingi bure. Masafa ya kuitia ni 146.52 MHz. Ukishapata mtu, kama kuna wengine wanasubiri, hamieni pembeni muwaachie njia.

Ya pili ni HF, mawimbi mafupi yanayofika mbali sana, na hapa ndo raha ilipo. Redio kama Elecraft KX2 au Icom IC-705, wati 5 mpaka 10. Betri ya LiFePO4 ya 3 Ah inatosha saa mbili tatu za kuita bila wasiwasi, ila usiichaji ikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0, inaharibika. Antena ninayoipenda ni waya wa nusu wimbi unaolishwa mwisho, una transfoma ndogo ya 49 kwa 1 mwanzoni. Urefu wake unaupata hivi: gawanya 143 kwa masafa yako ya MHz. Kwa 14.06 inakuja mita 10.2 hivi, kwa bendi ya mita 40 kama 20. Kata mrefu kidogo kuliko hesabu, uinue kama utakavyoinua mlimani, pima SWR (jinsi antena inavyoendana na redio), halafu punguza sentimita chache chache mpaka ikae. Fanya hivyo uwanjani kabla ya safari, sio juu kwenye upepo na vidole vimekufa ganzi.

Mlingoti wa faiba unaojikunja, mita 6 unatosha. Kamba tatu nyembamba za kuushikilia, za rangi kali inayoonekana. Waya niutakao sio mweusi, naununua wa njano au wa chungwa, sababu nitaieleza. Daftari na penseli hata kama una programu ya simu, kwa kuwa simu inakufa kwa baridi. Na vya mlima vyenyewe: maji, chakula, koti la mvua, taa ya kichwani, ramani, huduma ya kwanza. Redio sio mbadala wa hivyo.

Watangazie unakuja

Siku moja kabla ingia SOTAwatch, tovuti ya matangazo ya SOTA, uweke tangazo: rejea ya kilele, saa kwa UTC (saa moja ya dunia nzima), masafa na aina ya mawasiliano. Kama unatumia Morse hili tangazo lina kazi kubwa zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kuna vipokezi vya kompyuta vimetapakaa duniani vinasikiliza Morse muda wote, vikisikia kolisaini yako (jina la hewani unalopewa na leseni) ndani ya muda uliotangaza, mfumo unakuweka wenyewe kwenye orodha ya walio hewani. Milimani mtandao wa simu mara nyingi hakuna, basi wewe unaita CQ (wito kwa yeyote anayesikia) mara tatu nne na ndani ya dakika chache watu wanakurukia, mara ya kwanza inakutokea hutasahau. Kwa sauti hakuna huo msaada, itabidi ujitangaze kwa simu, kwa ujumbe wa setilaiti, au uombe wa kwanza kukujibu akutangaze.

Ukifika juu

Hapa naomba usome taratibu. Kibanda sio mlingoti wako. Vingi viko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, mbao zina miaka 80 au 90, na zile shata na reli unazoona ni nzuri kufungia waya zimebadilishwa na mikono ya watu wa kujitolea. Usifunge kitu, usipigilie, usipitishe kebo dirishani. Na zile nyaya nene za shaba zinazoshuka kwenye pembe za kibanda mpaka ardhini usiziguse wala usizitumie kama ardhi ya redio, ni kinga ya radi ya jengo.

Kuna mlinzi? Simama chini, salimia, jitambulishe, mwambie una redio ya ridhaa, unataka kukaa pembeni saa moja, na muulize kama utamkera kwenye redio yake ya kazi. Wengi wanafurahi, wamekaa peke yao siku nyingi, na ukibahatika atakuonyesha Osborne Fire Finder, ile meza ya duara yenye ramani katikati na vitundu viwili vya kulengea. Unazungusha pete, unachungulia kitundu cha nyuma mpaka unywele wa mbele ukate moshi katikati, unasoma nyuzi. Akikuambia hapana, shuka ukae chini zaidi au ondoka, na umshukuru. Ndani ya hifadhi za taifa muulize renja kabla hata hujapanda.

Halafu shuka kidogo. Zile mita 25 za kimo ni zawadi, watu hawazitumii. Karibu kila kilele kina kijukwaa cha mawe hatua thelathini chini ya kibanda ambako hakuna anayepita, hakuna anayepigia picha, na upepo umekatika. Kaa hapo. Mlingoti uufunge kwenye jiwe au kisiki, usichimbe, usikanyage maua na majani madogo ya milimani, yanachukua miaka kurudi.

Mara moja niliupitisha waya wangu, mweusi, kimo cha kifua, nikaona uko mbali na njia. Mtoto akakimbia kutoka kibandani kumfuata kaka yake, akaukumba waya kwa shingo. Hakuumia, alibaki na mstari mwekundu tu, lakini sura ya mama yake ninayo mpaka leo. Tangu siku hiyo waya wangu ni wa rangi kali, mwisho wake wa chini nauning'inizia kitambaa, na naufungia mahali ambapo mimi mwenyewe nimekaa kati yake na watu.

Kuita

Sikiliza kwanza kama masafa yana mtu, uliza, kisha ita. Kwa Morse jaribu karibu na 14.060, kwa sauti karibu na 14.285. Sema CQ SOTA, kolisaini yako, rudia polepole. Akijibu mpe ripoti ya anavyosikika, pokea yako, hakikisha umeipata kolisaini yake nzima, andika saa, asante, anayefuata. Rejea ya kilele itaje kila baada ya watu wachache. Wakikurukia wengi kwa pamoja usichanganyikiwe, shika herufi mbili ulizosikia, zitaje hizo tu na wengine wataacha.

Wanne. Ukipata mawasiliano na stesheni nne tofauti pointi ni zako. Ya kupitia ripita ya ardhini hayahesabiwi, na ya rafiki uliyepanda naye mko kilele kimoja pia hapana. Bendi ya mita 20 mara nyingi inawaruka walio karibu na kuangukia mbali, kwa hiyo kama walio mbali wamelala hamia mita 40 mchana, inashuka kwa majirani. Ukimsikia mtu mwingine aliye kileleni anaita, acha kila kitu umwitikie, kilele kwa kilele ndo mawasiliano matamu kuliko yote.

Tatizo moja la vilele hivi: pale panapoona mbali, wenye ripita na makampuni ya mawasiliano nao walipaona. Ukikuta minara ya antena kando ya kibanda, redio ya mkononi ya bei rahisi inaweza kuziba masikio kabisa, wewe unaita na unasikika mpaka mbali lakini husikii mtu. Dalili yake ni kwamba ukizunguka nyuma ya jiwe ghafla sauti zinafunguka. Dawa ni kushuka upande wa pili wa kilele ndani ya zile mita 25, au kuweka chujio la bendi kwenye antena, au kuhamia HF. Na usikae karibu na antena zinazorusha, wala usivuke uzio.

Radi

Milima ya magharibi ya Marekani wakati wa kiangazi inajenga mawingu mchana. Panga uwe umeshamaliza na umeanza kushuka kabla ya saa sita. HF inakuonya mapema: ile mikwaruzo ya kishindo kwenye kipokezi, krrrak, krrrak, ikianza kukaribiana ni radi iko mahali, hata kama juu yako ni bluu tupu.

Nilikuwa na mawasiliano matatu siku moja, limebaki moja tu. Mikwaruzo ikawa mingi, halafu ikageuka mlio mmoja mrefu kama mafuta yanakaangwa. Nikachomoa kebo kwenye redio nibadilishe bendi, na kati ya pini na ganda la kiunganishi nikaona cheche, tik, tik, tik, ndogo ya bluu, waya unajichaji wenyewe na wingu liko bado kilima cha pili. Nikaangusha mlingoti bila kuukunja, nikashuka mbio, na radi ya kwanza ikapiga nikiwa msituni. Ile safari haikunipa pointi hata moja na sijawahi kuijutia. Kwa hiyo: mlio wa kukaanga, cheche, nywele kusimama, mojawapo tu ikitokea hakuna "nimalizie huyu wa mwisho". Usiguse waya kwa mkono mtupu, shika mlingoti kwa chini, angusha, ondoka. Na usijifiche kibandani ukidhani kigoda cha vioo kinakungoja, kinga nyingi za zamani hazijakaguliwa miaka mingi.

Kushuka na logi

Kabla ya kuondoka zunguka pale ulipokaa mara mbili, kipande cha kamba cha sentimita kumi ni taka. Nyumbani ingiza logi (orodha ya mawasiliano yako) kwenye hifadhidata ya SOTA siku hiyo hiyo ukiwa bado unakumbuka. Saa zote ni UTC, na hapa angalia: Washington wakati wa kiangazi iko saa 7 nyuma ya UTC, kwa hiyo saa kumi na moja jioni tarehe inageuka. Kama uliongea na wawili kabla na wawili baada, umepata siku mbili zenye wawili wawili, bora wote wanne wawe upande mmoja. Na kwa wale uliowapata wakiwa kwenye vilele vyao andika rejea ya kilele chao pia kwenye mstari wa mawasiliano hayo, ili uhesabiwe kilele kwa kilele.